Gadi Hutolewa Lini?

Walimu wa Ulaya na Marekani wana neno moja wanalolipenda kwa ule msaada anaopewa mwanafunzi mpaka aweze kuifanya kazi peke yake. Ni neno lile lile walitumialo waashi wao kwa miti na mbao wanazopandia wajengapo ukuta mrefu. Waashi wetu huliita jukwaa. Mfasiri anayetakiwa kulitia neno hilo katika kitabu cha ualimu, basi, haoni tabu: ataandika "jukwaa" na ukurasa utasonga mbele. Lakini sisi tunaoishi kwa maneno tumezoea kulitilia shaka zaidi lile lililokuja kwa wepesi. Jukwaa lipo kwa ajili ya nani?

Mtazame fundi anayepaka chokaa nyumba ya ghorofa katika Mji Mkongwe. Jukwaa alilosimama juu yake halishiki ukuta. Likiondolewa ghafla, ukuta utabaki pale pale na atakayeanguka ni yeye. Kinachoushika ukuta unaotaka kulala ni mwega, na kinachokishika chombo kilichopandishwa pwani kisipinduke ni gadi. Msomaji asidhani nacheza na maneno. Tukisema mwalimu anamwekea mwanafunzi jukwaa, tumekwisha kusema, kwa kujua au kwa kutojua, kwamba mwanafunzi ndiye fundi na elimu ndiyo nyumba anayoijenga. Tukisema anamtilia gadi, tumesema mwanafunzi ni chombo ambacho siku moja kitaelea. Wako pia walimu ambao katika nafsi zao mwanafunzi si fundi wala si chombo, bali ni tofali. Hao hawana haja ya makala haya.

Swali langu silo la ufundi wa kufundisha, kwani huo una wenyewe, nami sikupata kusimama mbele ya darasa kwa mshahara. Ni swali la haki. Kazi aliyoifanya mtu kwa mkono wa mwingine ni ya nani? Na yule aliyetia mkono ana wajibu gani wa kuutoa, na lini?

Kwanza tuijue asili ya jambo lenyewe. Mwaka 1976 wataalamu watatu, David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross, walichapisha makala juu ya watoto 30 wa umri wa miaka mitatu, minne na mitano. Kila mtoto aliwekewa vipande 21 vya mbao ambavyo vikipachikwa kwa mpango wake hufanya piramidi. Kazi hiyo ilimzidi nguvu mtoto wa umri ule akiachwa peke yake, na ndiyo sababu ilichaguliwa. Mwalimu alitakiwa amwachie mtoto afanye kila anachoweza, na aingie pale tu njia inapomfungia. Aingie kwa maneno kwanza, na kwa mkono baadaye.

Waliyoyaona yanapendeza kwa wepesi wake. Kwa watoto wa miaka mitatu, kazi kubwa ya mwalimu ilikuwa kuwavuta tu, waipende kazi wasigeukie mchezo mwingine. Wale wa minne walihitaji maneno, kuambiwa kwamba hapa pana kasoro, hebu tazama tena. Wale wa mitano walimgeukia mwalimu kama mtu anayemwonyesha mzee wake alichokwisha kukifanya, apate kuambiwa ni sawa. Mwalimu ni yule yule na vipande ni vile vile, lakini msaada umebadilika mara tatu. Waliona pia kwamba mtoto huweza kuitambua kazi iliyo sawa kabla hajaweza kuifanya mwenyewe. Mshairi yeyote anaijua hali hiyo: sikio hulijua shairi zuri miaka mingi kabla ya mkono.

Nyuma yao alikuwapo Mrusi, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 37. Yeye alifundisha kwamba uwezo wa mtoto haupimwi kwa yale tu ayafanyayo akiwa peke yake. Upo pia uwezo unaoonekana anaposhirikiana na anayejua zaidi, na nafasi iliyo baina ya huu na ule ndiyo mahali pa kufundishia. Anayemfundisha mtoto anachokijua tayari anampotezea wakati. Anayemfundisha kilicho mbali mno anampotezea moyo.

Baadaye Wood na wenzake waliieleza kanuni yao kwa ufupi unaoweza kuandikwa kiganjani: mtoto akishindwa, zidisha msaada, akifaulu, upunguze. Sehemu ya kwanza kila mwenye huruma huiweza. Ya pili ndiyo inayotuumbua, kwa sababu kumsaidia mtu kuna utamu wake, na mwenye kusaidia huuzoea utamu huo kama mvutaji anavyoizoea tumbaku.

Nichukue mfano katika ufundi wetu, ambamo wasomaji wa kurasa hizi hawatapotea. Kijana analeta shairi lake la bahari ya nane kwa nane kwa mzee wa mashairi. Katika ubeti wa tatu ameandika kipande hiki: "Bahari imeshachafuka". Kihesabu: mizani ni tisa. Mzee ana njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua kalamu na kuifuta ile "sha", kipande kikawa "Bahari imechafuka", mizani nane kamili, na kijana akashukuru akaenda zake. Ya pili ni kukigonga kipande kile juu ya meza kwa vidole, silabi kwa silabi, bila kusema neno, mpaka kijana mwenyewe asikie kwamba kidole kimezidi.

Atakaposikia, atafanya nini? Huenda akaifuta "sha" kama mzee angeifuta. Lakini huenda "sha" ndiyo aliyoitaka. Huenda shairi lake ni la mtu aliyechelewa, aliyefika pwani bahari ikiwa imekwisha kuharibika, na bila ya "sha" kuchelewa kwake hakumo. Basi ataiacha "sha" na kulitoa neno jingine: "Maji yameshachafuka". Mizani nane. Na tazama alichokipata bila kukitafuta: maji yakichafuka si lazima yawe ya bahari, huenda ni ya kisima, huenda ni ya nyumba yenye ugomvi. Shairi limepanuka. Mzee mwenye kalamu angelisahihisha hesabu na kuiua maana, na asingejua kamwe kwamba ameua kitu.

Hapo ndipo naliona suala la haki kwa uwazi wake. Msaada wa kalamu ulikuwa wa haraka, wa nia njema, na ulikuwa sahihi kwa kanuni za bahari ya shairi. Kosa lake ni kwamba ulimpa kijana jibu la swali ambalo hajaulizwa. Msaada wa kidole ulimfikisha kwenye swali, ukamwacha nalo. Kisha kuna udanganyifu mdogo uliojificha ndani ya ule wa kwanza: shairi litachapishwa kwa jina la kijana, watu watamsifu kwa mizani isiyo yake, na shairi la pili atakaloliandika peke yake litachechemea pale pale. Atajiona amerudi nyuma, kumbe hakupata kwenda mbele.

Ama juu ya kutoa mkono, uko mfano ambao kila mtaa unao, wa mtoto anayefunzwa baiskeli. Kaka anashika kiti kwa nyuma na kukimbia, mdogo anapiga pedali na kupiga kelele, "Usiniachie!" Kaka anajibu, "Nimekushika!" hali ya kuwa ameshaachia hatua kumi nyuma. Je, amesema uongo? Amesema, na mimi simlaumu, ingawa nimewasikia watu wazima wakilibishania jambo hili kwa hasira ya ajabu. Naona kuna sharti linalouhalalisha uongo ule: kaka bado anakimbia. Ameachia kiti lakini hakuacha kuwapo. Mtoto akiyumba, mkono uko karibu. Anayeachia kisha akaenda zake dukani, huyo hakufundisha baiskeli.

Sasa na tuingie darasani, mahali ambapo jambo hili linawagusa watoto wengi kuliko mashairi na baiskeli.

Mtoto wa Tanzania anayesoma shule ya serikali huanza elimu yake kwa Kiswahili. Bara, husoma hivyo darasa zote za msingi, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo yote ila Kiswahili chenyewe na machache mengine humgeukia kwa Kiingereza. Zanzibar, kwa sera ya elimu ya mwaka 2006, iliamuliwa mgeuko huo uanze mapema zaidi kwa hisabati na sayansi, tangu darasa la tano. Habari za mjadala huu ni ndefu. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia 1985, na serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, waliandika ripoti iliyoonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuyabeba masomo waliyokuwa wakifundishwa kwa lugha hiyo. Tangu 2002 watafiti wa mradi wa LOITASA, wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, walilinganisha madarasa yaliyofundishwa somo lile lile kwa lugha mbili, na waliofundishwa kwa Kiswahili walifahamu zaidi. Sidhani kama kuna mtu wa pwani aliyestaajabu.

Sikusudii kuurudia mjadala ule wote. Nataka tu kuuangalia kwa jicho la gadi. Chombo kikipandishwa pwani maji yakiwa yamekupwa, hutiliwa gadi kila ubavu. Maji yakijaa na kuanza kukiinua, gadi moja moja huwa haina kazi tena, na hapo hutolewa. Anayezitoa hatazami saa yake; anatazama maji. Mgeuko wa lugha katika shule zetu hutazama saa. Tarehe ya kufungua shule ikifika, gadi zote hung'olewa siku moja, kwa watoto wote, aliyeguswa na maji na ambaye mchanga wake bado mkavu.

Kisha nini hutokea? Hili ndilo linaloniuma kuliko lile la kwanza. Chombo hakiachwi kianguke kwa wazi, maana aibu ingekuwa kubwa. Huletwa gadi nyingine, za karatasi. Mwalimu huandika maelezo ubaoni, watoto huyanakili neno kwa neno. Mwalimu hutamka nusu ya neno, darasa zima humalizia nusu ya pili kwa sauti moja. Huuliza, "Mmefahamu?" na hujibiwa kwa sauti ile ile kwamba wamefahamu. Maswali ya mitihani iliyopita hukusanywa pamoja na majibu yake, yakakaririwa. Ukipita nje ya dirisha utasikia darasa lenye uhai. Ukimwita mtoto mmoja ukamwomba akueleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini jani ni kijani, atakutazama usoni kukusoma unataka neno gani.

Hivyo katika chumba kimoja dhulma mbili zinafanyika kwa pamoja, na zinaonekana kama zinapingana. Msaada uliomwezesha kufikiri umeondolewa mapema, na kuondolewa huko kukaitwa kiwango cha elimu. Msaada unaofikiri kwa niaba yake umewekwa mahali pake, na kuwekwa huko kukaitwa kufundisha. Simlaumu mwalimu. Mwenye wanafunzi 70 mbele yake, vitabu vya kugawana na mtihani mlangoni, naye mwenyewe akiwa amepitia njia ile ile, ataugonga ubeti wa nani kwa kidole? Anatumia kalamu kwa sababu kalamu ndiyo inayotosha kwa watu 70.

Wala simlaumu mzazi wa Makunduchi au wa Wete anayetaka mwanawe akijue Kiingereza. Anaona ni lugha ya kazi za hoteli, ya vyuo, ya vitabu ambavyo sisi wafasiri hatujavifikia, na anaona kweli. Hoja yangu ni kwamba anachokitaka hakipati. Anataka chombo kielee, na anapewa picha ya chombo kinachoelea.

Wako waliojaribu vingine. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Tanzania pamoja na wa Bristol, Uingereza, walitayarisha vitabu vya kidato cha kwanza vya baiolojia, hisabati na Kiingereza vyenye sentensi fupi, michoro mingi, na maneno magumu yaliyofasiriwa kwa Kiswahili, na mwanafunzi akapewa nafasi ya kuzungumza na mwenzake kwa lugha anayoifahamu kabla ya kuandika kwa ile anayojifunza. Hizi ni gadi za mti. Ziko pale zinapohitajika, zimekusudiwa kupungua, na mtoto anayesimama baina yake hafichiwi udhaifu wake. Anajua kabisa lipi analiweza na lipi bado.

Lakini hata hapa nina neno na wataalamu, na naomba wanivumilie. Katika maandishi yao mengi Kiswahili chenyewe hutajwa kuwa ni jukwaa la kukipandia Kiingereza. Nafahamu wanachokikusudia, na nia yao ni njema. Wanakitetea Kiswahili kisifukuzwe darasani. Ila jukwaa ni kitu kinachovunjwa kazi ikiisha, miti ikafungwa kamba na kupelekwa kwingine. Je, hilo ndilo tunalotaka kumwambia mtoto juu ya lugha aliyoambiwa nayo usingizi na mama yake? Kwamba siku atakapojua Kiingereza barabara, hii ataiteremsha?

Si kila kitegemeo ni cha kuondolewa. Itazame ngalawa. Ina zile mbao zake za ubavuni, kulia na kushoto, zinazogusa maji na kuizuia isipinduke. Hakuna mvuvi aliyewahi kusema kwamba ngalawa yake sasa imekomaa, mbao zile zitolewe. Ni ngalawa kwa sababu anazo. Mwenye macho dhaifu havui miwani akishajua kusoma. Mwanafunzi asiyeona haachi nukta anazozigusa kwa vidole akishafaulu mtihani. Mwalimu anayeshika kanuni ya kupunguza msaada bila kuuliza ni msaada wa aina gani anaweza kumvua mtu ubavu akidhani anamvua gadi. Kiswahili kwa mtoto wa visiwani ni cha aina ya ngalawa. Gadi ni yale maneno yaliyofasiriwa pembeni ya ukurasa, ni sentensi iliyoanzwa na kuachwa aimalizie, ni muda wa ziada. Hivyo na vitolewe, kimoja kimoja, maji yanapopanda. Lugha anayofikiria ndani yake na ibaki.

Watu husema juu ya baadhi yetu kwamba tulijifundisha wenyewe, na wengine huona hiyo ni sifa. Mimi niliyeachia shule njiani nalikubali neno hilo kwa nusu tu. Aliyekaa usiku na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 mkono mmoja na kitabu cha Kiingereza mkono wa pili hakuwa peke yake. Kila ukurasa wa kamusi ile uliandaliwa na watu waliojiuliza ni neno gani litamfungia njia msomaji wasiyemjua, na wakamwachia mfano. Kazi ya mfasiri nayo ni hiyo hiyo. Tofauti ya kamusi na mwalimu mwenye kalamu ni kwamba kamusi haiwezi kukuandikia sentensi. Inakupa maana nne za neno, na kuchagua ni juu yako. Nadhani ndiyo sababu wengi waliosoma kwa njia ile walijifunza polepole mno lakini walichojifunza hakikuwatoka. Hata hivyo simtakii kijana yeyote njia ile. Nusu ya miaka niliyoitumia ingeokolewa na mtu mmoja mwenye subira, wa kugonga meza tu.

Basi nimalizie kwa jambo lililo mikononi mwetu, kwa kuwa sera za elimu haziandikwi na washairi. Barazani petu, katika vipindi vya redio, na katika kurasa kama hizi, mashairi ya vijana hupokewa kwa namna mbili: ama hutupwa bila jibu, ama hunyooshwa na mhariri na kuchapishwa yaking'ara. Ningependa iwepo ya tatu. Shairi lirudishwe kwa mwenyewe na karatasi ndogo juu yake, imeandikwa mstari mmoja: "Ubeti wa tatu, kipande cha kwanza, hesabu tena." Kisha mhariri amngoje, na akichelewa kurudi, amwandikie mara ya pili.